Baiskeli Pemba: vilima vya mikarafuu na njia za mifereji ya mpunga

Ramani ya Pemba humponza mpanda baiskeli. Kisiwa kina urefu wa kiasi cha kilomita 67, na sehemu zake za juu kabisa hazifiki mita 100 kutoka usawa wa bahari, basi anayepanga safari kwa kutazama karatasi hujiambia kwamba Mkoani, kusini, hadi Konde, kaskazini, ni kazi ya asubuhi moja. Barabarani hesabu inageuka. Upande wa magharibi ardhi imekatwakatwa na mabonde: unapanda, unateremka chote ulichopanda, unavuka kijito na majaruba ya mpunga, kisha unaanza upya. Hakuna mpando hata mmoja wa kumtisha mtu. Kinachochosha ni kwamba vilima haviishi.

Kwa hiyo panga kwa saa, usipange kwa kilomita. Mwenye baiskeli ya gia na mzigo mdogo ajiwekee kilomita 15 kwa saa. Mwenye baiskeli ya kawaida isiyo na gia, kilomita 10. Mkoani hadi Chake Chake ni kiasi cha kilomita 30, na Chake Chake hadi Wete ni karibu hivyo hivyo. Kila kipande kihesabie asubuhi nzima pamoja na vituo. Mchana ulale, jioni tembea mjini.

Msimu na upepo

Miezi mizuri kuliko yote ni Juni hadi Septemba. Masika yameisha, jua si kali sana, na kusi inavuma. Januari na Februari pia ni kavu, ila joto ni kubwa na upepo ni wa kaskazi. Machi hadi Mei usijaribu: njia za udongo mwekundu zinakuwa utelezi, na tope la mfinyanzi linajaa baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Anayelazimika kupita kwenye tope hilo afungue madigadi kabla, asingoje likwame.

Upepo ndio unaoamua uanzie wapi. Wakati wa kusi shuka boti bandarini Mkoani, uende Chake Chake, Wete, halafu Konde. Upepo unakusukuma mgongoni safari nzima. Wakati wa kaskazi geuza: panda gari hadi Konde na baiskeli juu, kisha rudi kusini kwa baiskeli. Kwenye mabonde yaliyozibwa na miti tofauti haionekani, lakini kwenye migongo ya vilima na kwenye uwanda wa mashariki inaonekana sana.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, mara kunapopambazuka, na lengo liwe kufika kabla ya saa nne na nusu. Unyevu wa Pemba hauachi jasho likauke mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi, hata kama unakunywa maji. Jioni usiruhusu magharibi ikukute njiani: jua likizama giza linaingia upesi, na njia nyingi nje ya mji hazina taa.

Baiskeli yenyewe

Tairi za milimita 28 zinatosha ukibaki kwenye lami. Ukitaka kuingia mabondeni weka 35, au tairi za inchi 26 zenye upana wa inchi 1.75. Kwa mtu wa kilo 70, jaza ile ya 28 hadi kiasi cha PSI 75, ya 35 hadi 50. Wengi hujaza kupita kiasi wakidhani tairi gumu linakwenda kasi; kwenye lami iliyochakaa tairi gumu linarukaruka, mikono inakufa ganzi, na kwenye kona yenye mchanga linateleza.

Gia nyepesi ni muhimu kuliko uzito wa baiskeli. Meno 34 mbele na 32 nyuma yatakupandisha kila kilima cha Pemba ukiwa umekaa. Mwenye Phoenix au baiskeli nyingine ya gia moja asikate tamaa. Amwombe fundi abadilishe friwili, yaani gia ya meno ya gurudumu la nyuma. Ukiwa na meno 46 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kiasi cha mita 5 na nusu, na huo ni mzigo mzito mpandoni. Weka friwili ya meno 22 na mzunguko unashuka hadi mita 4.6 hivi. Cheni itapungukiwa: ongeza pingili mbili, au usogeze gurudumu la nyuma mbele ikiwa nafasi ipo. Ukisahau hilo, cheni itakaza kupita kiasi na kula meno.

Anayevaa baibui, kanga au kanzu aweke kifuniko kamili cha cheni na wavu kwenye gurudumu la nyuma, na pindo alifunge kwa mpira mwepesi. Nguo ikiingia kwenye gurudumu la nyuma baiskeli inasimama ghafla, na mteremkoni hiyo ni ajali mbaya.

Mafundi baiskeli utawakuta mijini na kwenye vituo vikubwa, na vifaa vya tairi za inchi 26 na 28 wanavyo. Tyubu za baiskeli za mbio, zile zenye pua nyembamba, ni shida kupata. Beba mbili, pamoja na pampu inayokubali pua hiyo. Beba pia viraka, msasa na solusheni ambayo haijafunguliwa, maana ikishafunguliwa hukauka ndani ya bomba lake kwa joto hili.

Pancha inapotokea, kosa la kawaida ni haraka. Kwanza pitisha vidole ndani ya tairi polepole duara zima. Mwiba ukibaki mle utatoboa tyubu mpya baada ya mita mia. Kwaruza kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja kiasi cha dakika tano mpaka ipoteze mng'aro. Kiraka kilichobandikwa juu ya solusheni mbichi kinashika kwa muda, halafu lami ya saa tano inakipasha moto na kinabanduka.

Kupanda na kushuka

Badilisha gia kabla ya mpando, miguu ikiwa bado haina mzigo. Ukingoja katikati ya kilima na ukalazimisha, cheni inaruka au inaanguka. Kaa kwenye siti, zungusha miguu mara 70 hivi kwa dakika, na upande kwa nguvu inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kilima cha kwanza kitaonekana chepesi mno kwa mwendo huo. Kiache kiwe chepesi, kwa sababu mbele kuna vingine.

Kwenye mteremko, hatari iko chini kabisa. Mvua huleta mchanga na udongo kutoka pande zote mbili za bonde na kuumwaga pale pale kwenye kalvati, na mara nyingi barabara hupinda papo hapo. Mwendo wako ni mkubwa kuliko mahali pengine popote na lami imefunikwa utando mwembamba wa mchanga usioonekana vizuri kivulini. Funga breki ukiwa bado umenyooka, theluthi moja ya mteremko kabla ya chini, kisha ziachie unapoingia kwenye kona. Anayefunga breki ndani ya kona juu ya mchanga huanguka upande wa ndani. Ikiwa rimu zimerowa, gusa breki mapema kidogo kidogo ili zikauke. Breki za raba kwenye rimu mbichi hazishiki katika mzunguko wa kwanza.

Jambo jingine la Pemba ni ng'ombe. Hufungwa kamba ndefu wale majani ya ukingoni: kigingi kiko upande huu, ng'ombe kavuka upande ule, na kamba ya rangi ya vumbi imenyanyuka kidogo juu ya lami. Ukimwona ng'ombe, tafuta kwanza kigingi kilipo, ndipo uamue upite wapi. Kama ng'ombe yuko upande mmoja na kigingi upande wa pili, simama.

Endesha kushoto, na usilipite gari la abiria kwa upande wake wa kushoto linaposimama, kwani ndipo watu wanaposhukia. Karibu na skuli kuna matuta, na asubuhi watoto wanajaa barabarani. Shuka mwendo, piga kengele, na toa salamu. Salamu ni sehemu ya kuendesha huku. Mzee aliyekaa barazani apewe shikamoo hata kama unapita.

Msimu wa karafuu, kuanzia kiasi cha Julai na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, majamvi huanikwa vibarazani, viwanjani na hata kandokando ya barabara. Karafuu hukaa juani siku kadhaa kabla ya kukauka sawasawa, na ni pesa ya nyumba nzima ya mwaka mzima. Usikanyage jamvi hata kwa ncha ya tairi: karafuu iliyovunjika kichwa inashuka daraja inapopelekwa kuuzwa. Gari likija mbele na jamvi likiwa kushoto kwako, simama ulipo mpaka lipite.

Wapi kwa kwenda

Barabara ya Chake Chake na Wete ndiyo inayobeba sura ya Pemba: kona, mikarafuu, migomba, minazi na mabonde ya mpunga yanayofunguka ghafla chini yako. Kutoka Wete endelea Konde, halafu geuka magharibi kuelekea msitu wa Ngezi, kilomita chache tu mbele. Barabara inapita katikati ya miti mirefu. Vua miwani ya jua unapoingia, maana kutoka mwanga mkali kwenda kwenye kivuli kile macho yanachelewa, na njia yenye majani mabichi inateleza. Popo wa Pemba, wale wakubwa walao matunda wasiopatikana kwingine duniani, wana makazi huko. Ukitaka kuingia njia za ndani, simama getini, lipa kiingilio na upate mwongozaji. Zaidi ya msitu unafika upande wa Vumawimbi na Ras Kigomasha. Palipo na mchanga punguza upepo wa tairi kwa robo, na ujaze tena ukirudi kwenye lami.

Anayeanza, au anayesafiri na watoto, aende Pujini, kiasi cha kilomita 10 kusini mashariki ya Chake Chake, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Upande wa mashariki vilima vinapungua.

Kupita kando ya mifereji

Njia za mifereji zipo kwenye mabonde ya umwagiliaji, Pemba na Unguja pia. Huko Unguja mabonde ya Cheju, Kibokwa na Chaani ni tambarare na yanafaa kwa siku nzima ya mwendo wa pole. Utamu wake ni ukimya: hakuna gari, maji yanakwenda pembeni yako, na wakati mpunga unaanza kutoa masuke utawakuta watu shambani wakiamia ndege.

Lakini tuta la mfereji lilijengwa kwa ajili ya maji. Omba ruhusa kwa wakulima unaowakuta, kila bonde. Usipite ikiwa mvua imenyesha usiku: tairi huchimba mfuo kwenye udongo laini, maji yanaufuata mfuo, na kesho yake tuta linavuja na mkulima anapoteza maji ya jaruba lake. Wakati wa kulima na kupandikiza acha kabisa, kwa sababu tuta ndilo njia pekee ya kubebea miche. Likikauka, enda kilomita 8 hadi 10 kwa saa, tazama mita kumi mbele badala ya gurudumu, na ushuke utembee kwenye mageti ya maji na vivuko vya mbao. Zege la ukingo wa mfereji huota ukijani unaoteleza kama sabuni, basi usiweke tairi juu yake.

Na usitie miguu ndani ya maji, hata yakionekana safi. Kichocho kipo Unguja na Pemba, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Usioshe baiskeli wala uso mferejini. Tumia maji ya bomba au ya chupa. Bahari haina kichocho. Aliyetumbukia, na baadaye akaona damu kwenye mkojo, aende kituo cha afya akaeleze kwamba aliingia maji ya bonde, dawa ipo.

Maji, chakula na baada ya safari

Beba lita mbili na unywe nusu lita hadi robo tatu kwa saa, kidogo kidogo. Madafu ni mazuri ila yana chumvi kidogo kuliko unayotoa kwa jasho, kwa hiyo kula nayo kitu cha chumvi, kama muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi. Kichwa kikiuma na jasho likipungua, kaa kivulini na uchanganye lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ramadhani usile wala kunywa hadharani. Ni afadhali kuahirisha safari ndefu mpaka mwezi uishe. Vijijini funika magoti na mabega.

Jioni, hasa siku ya boti au pwani, mwagia baiskeli maji baridi bila kuelekeza kwa nguvu kwenye kitovu cha gurudumu, ambako gololi zitapoteza grisi. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta kwenye kila pingili, zungusha, kisha futa ya ziada. Mafuta yanayobaki nje hukamata mchanga na kusaga meno. Chumvi ikiachwa usiku mmoja, asubuhi cheni ina kutu. Malizia kwa kukagua raba za breki: zikibaki milimita 3, badilisha kabla ya kilima cha kesho.