Jinsi ya kuandika maoni ya muvi ya mapenzi ya vijana iliyotoka kwa kitabu, bila kuishia "ilikuwa sawa"

Jumapili moja ya likizo ya Agosti wapwa wangu wawili walikuja kwangu Umoja kulala, mkubwa ana miaka 16 na mdogo 14, nikawawekea muvi kwa leptopu tukajifunika leso kwa kochi tukaangalia mpaka mwisho. Niliwachagulia Angus, Thongs and Perfect Snogging, ya Uingereza, ya 2008, juu aliyeiongoza ni Gurinder Chadha na huyo mama alizaliwa hapa hapa Nairobi 1960 kabla familia yao ihamie London, nikataka wajue hilo. Ikaisha nikauliza, haya, mmeionaje? Mkubwa akasema ilikuwa sawa. Mdogo akasema iko fiti anti. Basi.

Nikaingia jikoni kusukuma chapati, na kabla ya ya tatu kuiva nasikia watu wanabishana huko sebuleni mpaka sauti zinapanda, mkubwa anasema huyo Georgia, msichana mwenye muvi yake, alimtumia yule kijana Dave ili Robbie, yule anayemtaka, aone wivu na hakuna mtu alimuuliza Dave anajisikiaje, mwingine anasema wewe hujawahi kupenda mtu asiyekuona ndio maana unaongea hivyo. Hiyo kelele ndio maoni! Shida ni kwamba ukimwambia mtu aandike anaandika lile neno la kwanza, la kumaliza stori. Kwa hivyo hii hapa ni namna ya kutoa ile ya sebuleni iingie kwa maandishi.

Anza kabla hujasoma komenti za wengine. Muvi ikiisha tu, fungua noti kwa simu na uandike kitu cha kwanza kilichobaki kichwani, hata kama ni kidogo, hata kama ni rangi ya nguo ama sauti ya mtu. Ukienda kwanza kusoma watu wanasemaje utarudi na maneno yao na utadhani ni yako, nimeona hii mara nyingi sana, watu kumi wameandika kitu kimoja na hakuna hata mmoja anayetaja ni wapi kwa muvi.

Halafu sema umekaa wapi. Hii watu huruka na ndio inaleta vita nyingi kwa muvi za aina hii. Umesoma kitabu ama hukusoma? Uko na miaka mingapi? Kitabu chenyewe ni cha Louise Rennison, kilitoka 1999, kimeandikwa kama dayari ya huyo msichana na kilizaa vingine mpaka vikafika kumi, na muvi imechukua vile viwili vya kwanza. Sasa mtu aliyesoma hiyo dayari akiwa na miaka 13, usiku, na tochi, anaingia kwa muvi akiwa tayari na sauti ya Georgia kichwani, na hata jina la kitabu lilibadilishwa kidogo kwa muvi, kwa hivyo ashaanza kununa kabla picha ianze. Mwingine ameipata tu Jumapili mchana akisubiri chapati. Hawa wawili wakibishana bila kusema wametoka wapi hawatasikizana hata siku moja. Sentensi moja inatosha: "Sijasoma kitabu, niko na miaka 16, niko shule ya bodingi ya wasichana." Msomaji ashajua akusome namna gani.

Sisi hapa hii tunaijua vizuri kuliko tunavyodhani. Kama ulipelekwa na shule kuangalia setibuku ikiigizwa pale Kenya National Theatre, unakumbuka kwa basi mkirudi, nusu ya darasa inasema "lakini kwa kitabu haikuwa hivyo" na nusu ingine inasema afadhali sasa wameelewa. Ni kitu kile kile.

Sasa hapa ndio pa kukaa sana: chagua sehemu moja. Moja tu. Mwanzoni mwa hii muvi Georgia anaenda pati ya mavazi akiwa amevaa kama zeituni, lile duara kubwa la kijani, na wenzake wamekuja wamependeza. Ukiandika "ilinichekesha" hujaniambia kitu. Lakini mpwa wangu mkubwa nilipomsukuma kidogo aliandika hivi: "Nilicheka kwanza alafu nikaacha, juu nilikumbuka fanki ya kwanza, tulikuwa tumekubaliana wote tusijipodoe, nikafika nikapata ni mimi tu nilifuata hiyo maneno, na wavulana wa shule ile ingine washaingia." Ona hapo. Hakuna neno kubwa hata moja, na mtu ambaye hajaiona hiyo muvi anajua ni muvi ya nini, inaongea na nani na inauma wapi. Chukua sehemu, sema kilichotokea kwa sentensi moja, alafu sema kilikufanyia nini wewe. Hata kama haikukufanyia kitu, sema hivyo na useme ni kwa nini, hayo pia ni maoni.

Kwa upande wa kitabu na muvi, tenganisha kilichobadilishwa na kilichoharibiwa. Watu huchanganya. Dayari inakuonyesha kichwa cha mtu kutoka ndani, kamera inamwona kutoka nje, kwa hivyo lazima kuna vitu vitaondoka, hakuna dairekta anaweza kuhamisha kurasa zote kwa muvi ya saa moja na nusu hivi. Swali la kuuliza ni: walipotoa hii, nini kilianguka? Kama Georgia wa kitabu alikuwa na ulimi mkali zaidi na wa muvi umemwona mpole, sema ni wapi ulihisi huo upole na ulikupotezea nini. Ukisema tu "kitabu ni poa kuliko muvi" ninakuamini, lakini sijajifunza kitu.

Mapenzi yenyewe yapime bila woga. Je, huyo kijana ana sababu ya kumpenda huyo msichana, tumeiona kwa macho ama tumeambiwa tu? Uongo wa huyo msichana ulilipiwa ama ulisahauliwa? Mimi niko upande wa mpwa mkubwa kwa hilo la Dave, naona alistahili dakika zaidi.

Usiogope kuandika kuhusu kitu ambacho sio mapenzi. Babake Georgia anapata kazi New Zealand na nyumba inaanza kuyumba, na watazamaji wa umri wangu wengi macho yao huenda hapo, kwa mama na baba, sio kwa Robbie na gitaa lake. Nilidhani ni uzee. Nitarudi hapo.

Vitu vidogo vidogo: weka maandishi chini ya picha, Kiingereza cha vijana wa Eastbourne kina maneno yao na sio makosa yako usipoyashika, usiandike "sikuelewa muvi" kumbe hukusikia tu. Usimwage mwisho. Nyota weka mwishoni kabisa ama usiweke. Andika kwa lugha unayobishana nayo, kama ni Kiswahili cha mtaa andika hicho hicho, ukianza kutafuta maneno ya insha ile kelele inatoroka. Na kama wewe ni mzazi ama anti kama mimi, angalia kwanza muvi imewekwa daraja gani, hapa Kenya ziko nne, GE ya kila mtu, PG ya kuangalia na mzazi, 16 na 18. Hii inaongelea kubusu toka jina mpaka mwisho, kwa hivyo kaa nao, na usitoke kwa aibu ikifika hapo, hapo ndio maswali mazuri yanatoka.

Mpwa mdogo hakuandika kitu siku hiyo. Alikula chapati nne akalala. Babake anafanya kazi Doha, mwaka wa tatu sasa. Walirudi kwao Jumatatu, na Jumanne saa tano usiku akanitumia kwa WhatsApp: "Anti mimi sijali kama alipata Robbie. Mimi nilikuwa naangalia kama babake atarudi. Kila wakati walipoongea na wavulana nilikuwa nasema sawa lakini baba ako wapi."

Niliisoma mara mbili, nikamwomba ruhusa, akasema sawa, nikaituma Doha vile ilivyo. Asubuhi babake akajibu akiuliza hiyo muvi inaitwaje na ataipata wapi.