Kumsomesha mtoto nyumbani ughaibuni bila kumaliza mfuko

Mzazi akishaamua kumsomesha mtoto wake nyumbani, swali la kwanza huwa ni anunue vitabu gani. Liweke kando kwanza. Kwa mtoto wa miaka minne hadi minane vitabu ni gharama ndogo, na vingi utavipata bure. Kinachokula pesa ni muda. Mzazi mmoja itabidi apunguze zamu au aache kazi kabisa, na mshahara unaokosekana ndio ada yenyewe. Kaa na mwenzako mpige hesabu hiyo kabla ya jambo lolote. Mkimaliza, ongezeni vitu ambavyo shule ilikuwa inavibeba bila nyinyi kuviona. England, kwa mfano, tangu mwaka 2014 watoto wa madarasa matatu ya mwanzo katika shule za serikali wanapewa chakula cha mchana bure, mzazi awe na kipato kikubwa au kidogo. Mtoto akibaki nyumbani sahani hiyo ni yako, na bili ya kupasha nyumba joto mchana kutwa ni yako pia.

Hesabu ikikataa, kuna njia ya kati: aende shule kama wenzake, na wewe umfundishe kusoma Kiswahili jioni na wikiendi. Kuna wazazi ambao hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta tangu mwanzo.

Sheria ya unapoishi

Usiige rafiki anayeishi nchi nyingine. Ujerumani kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule hairuhusiwi, na wanafuatilia kwelikweli. Familia moja huko ilichukuliwa watoto kwa wiki tatu mwaka 2013, na mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema serikali haikukiuka haki zao. Sweden tangu mwaka 2011 ruhusa hutolewa kwa sababu za kipekee tu, na imani ya dini haihesabiwi kuwa mojawapo. Ufaransa elimu ni lazima kuanzia miaka mitatu, na tangu mwaka 2022 unahitaji kibali kwanza.

Uingereza ni nafuu zaidi, lakini England si Scotland. England, kama mtoto yuko shule ya kawaida, unamwandikia mwalimu mkuu barua kwamba unamtoa, na hulazimiki kufuata mtaala wa taifa. Scotland, kumtoa shule ya serikali kunahitaji idhini ya halmashauri. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila masharti yanatofautiana mno. Texas hakuna wa kumpelekea ripoti. New York utaandika taarifa ya kuanza, mpango wa masomo na ripoti nne kwa mwaka, na kuanzia darasa la kwanza wanataka saa 900 za masomo kila mwaka. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya serikali yenyewe, usitegemee kundi la WhatsApp.

Neno moja kuhusu makaratasi. Wapo wanaotaka kumficha mtoto nyumbani kwa sababu familia haina vibali vya kuishi. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hiyo. Kama ni hofu inayokusukuma, mwone kwanza mwanasheria wa msaada wa bure.

Anza na Kiswahili

Hapa nina msimamo, na najua wengine hawaupendi: mfundishe mtoto kusoma kwa Kiswahili kwanza, hata kama nje ya mlango kila mtu anaongea Kiingereza. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake na haigeuki. Mtoto anashika mchezo mapema, anapata moyo, na wewe hulipi mtu.

Kata boksi tupu vipande vya ukubwa wa karata. Andika a, e, i, o, u. Akizitambua bila kusitasita, andika ba, be, bi, bo, bu, kisha ta na ma kwa mtindo huohuo. Weka ba mezani, weka ba nyingine kando yake, halafu nyamaza. Atasoma "baba" mwenyewe. Ondoa kipande cha pili uweke ta: bata. Ondoa ta uweke ti: bati. Akikwama usimpe jibu, mfunikie kipande kimoja asome silabi moja kwanza. Dakika 15 zinatosha, hata kama bado anataka kuendelea. Ng', mbw na nyw zisubiri wiki za baadaye.

Akishaelewa kwamba herufi hubeba sauti, lugha ya nchi mnayoishi ataikuta nusu ya kazi imeshafanyika. Mwambie tu wazi kwamba kule herufi zina tabia nyingine, asidhani anakosea.

Hesabu nayo haihitaji mtambo. Kusanya vifuniko vya chupa, vifunge mafungu ya kumikumi. Kumi na tatu ni fungu moja na vitatu pembeni, anasema na kuona kwa pamoja. Kutoa kwa kukopa utamfundisha kwa kulifungua fungu moja, si kwa kukariri.

Vitabu, wino na simu

Mkatie mtoto kadi ya maktaba ya umma wiki hii. Waulize wahudumu kama wana saa ya hadithi, kwa sababu huko ndiko atakakokutana na watoto wenzake bila kiingilio. Hadithi za Kiswahili zipo bure kwenye tovuti ya African Storybook na ya StoryWeaver, na unaruhusiwa kuzichapa. Lakini wino wa printa ni mwizi. Msomee kwenye simu, kisha achore kitabu chake mwenyewe kwa penseli na aandike sentensi moja chini ya kila picha. Ubongo, taasisi ya Tanzania, wanatengeneza katuni za kufundisha kwa Kiswahili, na Khan Academy Kids ni programu ya bure isiyo na matangazo. Zitumie unapopika au unapopumzika baada ya zamu ya usiku, zisigeuke kuwa mwalimu.

Ratiba ifuate kazi yako. Ukitoka zamu asubuhi, somo liwe saa kumi jioni. Kwa umri huu somo la mezani halizidi saa moja na nusu kwa siku, na penye sharti la saa nyingi, muziki, michezo na kusomewa hadithi navyo ni masomo. Weka daftari moja: tarehe, alichofanya, karatasi moja ya kazi yake kila wiki. Pennsylvania kumbukumbu hizo hukaguliwa mwisho wa mwaka. Kwingine zitakuokoa siku afisa akibisha hodi.

Familia mbili tatu zinaweza kupokezana, leo kwako, kesho kwake, na hapo angalau kila mzazi anarudi kazini siku kadhaa. Ila England, mkifundisha watoto watano au zaidi wa umri wa shule kwa muda wote, mmeshakuwa shule na mnatakiwa kujisajili.

Barua ya kumtoa shuleni iandike mwisho kabisa, baada ya kujaribu ratiba yako wakati wa likizo. Ukishaipeleka nafasi yake inapewa mwingine, na ukitaka kumrudisha unaweza kupangiwa shule ya mbali ambako utalipa nauli kila siku.