Namna ya Kutembelea Makumbusho ya Zimamoto ya Philadelphia

Makumbusho ya Fireman's Hall yamo katika kituo cha zimamoto kilichojengwa mwaka 1902, katika namba 147 North 2nd Street, Philadelphia, Marekani, na tangu mwaka 1976 jengo hilo hupokea wageni. Hakuna kiingilio, ila mchango hupokelewa. Thibitisha siku na saa za kufunguliwa kabla ya kuondoka, kisha panda treni ya Market Street, ushuke kituo cha 2nd Street na utembee kidogo kuelekea kaskazini.

Ukifika, usikimbilie vitu vilivyopangwa ndani. Anza na jengo lenyewe. Milango ya mbele ni mipana kwa sababu enzi hizo mitambo ya kuzimia moto ilikokotwa na farasi, nao wazimamoto walilala ghorofani. Kengele ilipolia, hakuna aliyehangaika na ngazi: mtu aliikumbatia nguzo ya shaba kwa mikono na miguu, akateleza hadi chini.

Kwenye pampu za mkono ndipo pa kukaa muda mrefu. Tazama mikono yake mirefu, na ufikirie safu mbili za wanaume wakiibonyeza kwa zamu, hawa wakishusha wale wakipandisha, huku wengine wakipokezana ndoo za ngozi kulijaza tangi. Kazi hiyo ilikuwa ya kujitolea: Benjamin Franklin na wenzake walipoanzisha kikosi cha zimamoto cha Union Fire Company mwaka 1736, kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo zake za ngozi na magunia imara ya kuokolea mali. Kikosi cha kulipwa mshahara hakikuja hadi mwaka 1871.

Usivipite vibao vya bima ya moto, ambavyo kampuni za bima zilivipigilia kwenye nyumba zilizozikatia bima. Mikono minne iliyoshikana ni alama ya kampuni ya bima ya Philadelphia Contributionship, ya mwaka 1752. Mti ni wa kampuni iliyoanzishwa mwaka 1784 baada ya ile ya kwanza kukataa nyumba zenye miti karibu. Utasikia kwamba nyumba isiyo na kibao iliachwa iteketee. Mimi siiamini hadithi hiyo, kwa kuwa moto wa jirani haukuchagua ukuta wa kuruka.

Ukitoka, shika njia ya kusini hadi kichochoro cha kale cha Elfreth's Alley, hatua chache tu, uinue macho juu ya madirisha ya chini: baadhi ya vibao bado vimepigiliwa ukutani.