Kulaza mtutu wa pembe nane kwenye ubao wa bunduki ya Pennsylvania

Bunduki ndefu ya Pennsylvania, kazi ya mafundi wenye asili ya Kijerumani wa karne ya 18, kwetu tungeiita gobore. Mtutu wake wa pembe nane hulala ndani ya ubao mmoja unaofika hadi mdomoni. Huko Marekani bado wapo wanaoichonga kwa mkono, na hapa kwenye kulaza mtutu ndipo kazi mbaya hujulikana.

Ubao uwe mkavu kabisa. Mti wa mepo (maple) mgumu ndio wa jadi, na mjozi (walnut) nao hufaa. Ubao mbichi husinyaa ukishachongwa, ukaubana mtutu au ukapinda. Randa uso wa juu, piga mstari wa katikati kutoka mwisho hadi mwisho, usiufute mpaka kazi iishe.

Mtutu unazama nusu tu. Tuseme upana wake ni inchi 13/16, yaani milimita 20.6, sawa mbele na nyuma. Ubapa wa chini utakuwa milimita 8.5, kina chote 10.3, na kuta za wima 4.3 tu, zilizobaki ni mishazari. Chora kwa kisu, maana mstari wa penseli ni mnene mno. Chimba kwanza mfereji wa ubapa wa chini, halafu fuata mishazari kwa patasi, ukibakiza nusu milimita kila upande.

Hiyo nusu milimita ndiyo kazi yenyewe. Changanya masizi na vaselini, paka mtutu utando mwembamba sana, ulaze, gonga taratibu kwa nyundo ya mti, unyanyue. Kwangua penye weusi tu. Masizi yakizidi hujipaka kila mahali, nawe utakwangua mbao ambazo hazikuwa zinagusa chuma. Pengo likishatokea halirudi. Nyanyua mtutu sawasawa mbele na nyuma. Ukiuinua kwa mdomo peke yake, sehemu ya nyuma itamegua kingo za mfereji.

Anzia nyuma, si mdomoni. Uso wa nyuma wa mtutu lazima uegemee mbao kwa eneo lake lote, kwa sababu hapo ndipo teke la bunduki linapopokelewa. Ukiacha pengo, teke litabebwa na pini zinazoushika mtutu kwenye ubao, nazo zitapinda na kupasua ubao. Lakini ule ulimi wa chuma unaotoka kwenye kizibo kinachoziba nyuma ya mtutu ni kinyume: ncha yake iachiwe nafasi kama unene wa karatasi, la sivyo itasukuma mbao na kuzibanjua.

Mtutu ukitulia bila kucheza wala kubanwa, funga kwa vibano, toboa tundu za pini za milimita 1.6 kupitia ubao na vishikio vilivyo chini ya mtutu. Kisha toa mtutu, urefushe tundu za vishikio pekee, milimita moja mbele na moja nyuma, ili ubao na chuma viweze kusogea bila kuvutana. Tundu za ubao ziache zilivyo.

Mwisho paka mfereji wote mafuta ya kitani, mara mbili, hadi ndani ya tundu la mdeki, ule ufito wa kushindilia risasi. Wengi hung'arisha nje wakasahau humu. Mbao tupu hunyonya unyevu upande mmoja, na ubao mwembamba wa mbele hupinda ukiuvuta mtutu.