Doa la kinywaji kwenye gari: kulitoa lisirudi tena

Jamaa mmoja aliniletea gari lenye doa la kahawa kwenye kapeti, upande wa dereva. Alishalisugua mwenyewe likatoka kabisa, lakini kapeti lilipokauka doa likawa palepale, tena limetanuka. Akanunua sabuni nyingine, likatoka, likarudi. Alipofika kwangu swali lake lilikuwa moja tu: dawa ipi ni kali zaidi? Nikamwambia sabuni yake ya kwanza ilitosha. Kilichomshinda ni maji aliyoyaacha mle ndani.

Vifaa

Taulo nyeupe za pamba, nyingi uwezavyo. Nasisitiza nyeupe kwa sababu taulo ya rangi ikichuja utakuwa na madoa mawili, halafu huwezi kuona kama doa linahamia kwenye taulo au la. Chupa mbili za kunyunyizia, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, siki nyeupe, brashi ya nywele laini, na mashine ya kunyonya maji. Hiyo mashine azima au kodi, lakini usikose. Vakyumu ya kawaida ya nyumbani usiiingize kwenye maji, utaunguza mota na unaweza kupigwa shoti.

Makopo ya povu la viti siyapendi. Povu linapendeza macho, ila mabaki yake hunata ndani ya nyuzi, na kinachonata hukusanya vumbi. Ukikaa kidogo unaona alama nyeusi yenye umbo lilelile la doa la zamani, unadhani doa limerudi kumbe ni uchafu mpya. Mashine ya mvuke nayo siitumii kwenye madoa ya vinywaji; sababu inakuja hapa chini.

Hatua ya 1: Jua kilichomwagika

Chai, kahawa, divai nyekundu na juisi za matunda huacha tanini (kile kinachofanya chai iwe kakasi) na rangi za mimea. Hizi hulegea kwa asidi nyepesi, yaani siki. Sabuni ya kipande na bikabonati (baking soda) ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na alkali huzifanya ziwe nzito zaidi. Kama huamini, tia bikabonati kwenye tone la juisi ya zabibu nyekundu uone inavyogeuka rangi na kuelekea bluu au kijani.

Soda ni sukari zaidi kuliko rangi, na sukari huyeyuka kwa maji ya uvuguvugu.

Maziwa ndiyo yenye hila. Yana protini na mafuta, na protini ikipata joto huganda kwenye nyuzi kama ute wa yai kwenye sufuria. Ndiyo maana nakataza mvuke na maji ya moto. Anza na maji baridi, kisha dawa yenye vimeng'enya (enzaimu, zinazovunjavunja uchafu kama protini), uiache ikiwa na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kahawa ya maziwa ina vyote viwili: shughulikia maziwa kwanza, siki ifuate baadaye, maana asidi inaweza kuvidhoofisha vimeng'enya kabla havijafanya kazi.

Hatua ya 2: Vuta vumbi

Toa mikeka, vuta vumbi kukiwa kukavu. Basi.

Hatua ya 3: Jaribu mafichoni

Chini ya kiti au nyuma yake. Paka, subiri dakika 10, gandamiza taulo nyeupe. Rangi ya kitambaa ikitoka kwenye taulo, achana na dawa hiyo.

Hatua ya 4: Legeza doa

Kijiko kimoja cha chai cha sabuni kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu (baridi kama kuna maziwa). Kwenye chupa ya pili, sehemu moja ya siki kwa sehemu mbili za maji. Kama ni chai, kahawa au juisi anza na siki, kisha sabuni. Nyunyiza kidogo, acha dakika chache, gandamiza kwa taulo ukianzia pembeni kuelekea katikati ili doa lisitanuke. Geuza taulo kila inapochafuka. Brashi ni ya kapeti tu, na kwa mkono mwepesi. Ukikisugua kitambaa cha kiti kitatoa vinyweleo, na kasoro hiyo haina dawa.

Hatua ya 5: Suuza, nyonya, kausha

Hapa ndipo wengi wanapoteza siku nzima.

Kapeti la gari si kitambaa peke yake. Chini ya nyuzi kuna tabaka la sponji au nyuzi zilizoshindiliwa, kisha bati. Kikombe kikimwagika, unachokiona juu ni sehemu ndogo. Kingine kimeshazama kwenye sponji. Unapomimina maji unaiyeyusha ile sukari na rangi iliyolala chini. Maji yanapokauka yanatokea juu kwa kupanda kwenye nyuzi, na kwenye ncha zake yanaacha mzigo yaliyoubeba. Kadiri ulivyomimina mengi, ndivyo doa linavyorudi likiwa kubwa.

Kwa hiyo nyunyiza maji safi yenye siki kidogo, kisha nyonya mara moja. Kandamiza mdomo wa mashine na uvute polepole, kuelekea kwako. Angalia maji yanayoingia kwenye tangi: yakiwa bado na rangi au povu, rudia. Yakiwa safi kabisa, pita tena na tena bila kunyunyiza chochote, mpaka mdomo wa mashine usilete kitu. Huna mashine? Kunja taulo kavu mara nne, simama juu yake kwa miguu yote miwili, badilisha taulo, rudia. Inachosha lakini inafanya kazi.

Baada ya hapo tandika taulo kavu iliyokunjwa juu ya mahali pale, weka kitu kizito, acha usiku kucha. Unyevu utakaopanda utaishia kwenye taulo, na rangi yake pia. Mbinu hii naiamini kuliko dawa yoyote ya dukani.

Ukibonyeza kapeti kwa ngumi ukasikia maji, kunyonya kwa juu hakutoshi. Bandua plastiki ya kizingiti cha mlango, inua ukingo wa kapeti, weka kipande cha mbao katikati ili hewa ipite chini. Hapo uwe mwangalifu: kuna nyaya, na baadhi ya magari yana visanduku vya umeme chini ya kapeti. Soketi za njano chini ya viti kwa kawaida ni za mifuko ya hewa na mikanda, usizichomoe. Kama ni lazima kiti kitoke, mpe fundi anayejua kuzima mfumo huo kwanza. Viti vyenyewe navyo usivilowanishe, kwani vingi vina kihisi cha abiria (kifaa kinachotambua kama kuna mtu amekaa) ndani ya sponji, na vingine vina nyaya za kupasha joto.

Kukausha: milango wazi kivulini na feni ikielekezwa sakafuni. Kiyoyozi cha gari pia husaidia kwa sababu kinakausha hewa, lakini usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake unaua. Kapeti likihisi kavu mkononi bado usiridhike. Vioo vikiwa na ukungu kwa ndani asubuhi, jua kuna maji chini. Ukifunga gari likiwa hivyo, utakachopata ni kuvu na harufu.

Hatua ya 6: Kivuli kilichobaki

Kama uchafu umeisha ila rangi hafifu imebaki, na kitambaa ni cha rangi nyepesi, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, baada ya kurudia hatua ya 3. Idondoshe kwenye doa tu, subiri, suuza, nyonya. Usiichanganye na siki kwenye chupa moja. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isiingie kwenye gari hata kidogo: inaua rangi, na ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu, nawe umejifungia kwenye nafasi ndogo.

Harufu ya maziwa

Doa limetoka lakini gari linanuka? Maziwa yamebaki kwenye sponji. Manukato yataongeza harufu ya pili tu. Rudia vimeng'enya, safari hii kwa kiasi kinachofika kule maziwa yalikofika, kisha hatua ya 5 yote.

Viti vya ngozi

Futa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni laini ya ngozi, kausha, paka mafuta yake. Bila siki, bila peroksaidi. Ngozi yenye vitundu usiinyunyizie moja kwa moja. Weka dawa kwenye kitambaa, kwani kinachopita kwenye vile vitundu kinaingia kwenye sponji na mashine haikifikii kwa urahisi.