Mfundishe mtoto kuongea kwa nyimbo za nyumbani, hatua kwa hatua kuanzia kwenye beseni la kuogea

Habari zenu wazazi wenzangu. Mie ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga, mwaka wa kumi na moja sasa, nafundisha wa miaka mitatu mpaka mitano, na kila Januari shule zikifungua napokea mtoto wa aina moja ambaye zamani sikuwa namuona. Anaimba wimbo wa Kiingereza wa kwenye simu mwanzo mpaka mwisho, na mikono anarusha vizuri tu, lakini akiwa na kiu ananivuta gauni ananionyesha jagi kwa kidole. Mama yake ananiambia mwalimu huyu nyimbo anazijua nyingi, na kweli anazijua, ila hajawahi kumuimbia mtu akajibiwa. Simu inaimba na kuendelea, iwe mtoto ameitikia au hajaitikia. Na mtoto mdogo lugha inamuingia pale anaposubiriwa.

Kwahiyo mwongozo wote huu unahusu kusubiri. Sauti nzuri haihitajiki, spika haihitajiki, bando halihitajiki.

Hatua ya 1: Chagua nyimbo tatu tu

Tatu zinatosha kwa mwezi mzima. Chukua moja ya kubembelezea, ile uliyoimbiwa wewe, hata kama ni ya Kisambaa au Kidigo au Kibondei iimbe hivohivo maana lugha ya bibi haimchanganyi mtoto, anaweza kubeba mbili na zaidi. Ya pili iwe ya mwili kusimama na kukaa na kuruka, au ule mchezo wa ukuti tuliokuwa tunazunguka tumeshikana mikono. Ya tatu tunga mwenyewe, ntakuonyesha hapo chini, usiogope.

Ukitafuta wimbo angalia vitu viwili, neno linalojirudia na mlio. Milio ndo watoto wanaanza nayo, chubwi, pwaa, puu, fofofo, mtoto ambaye hawezi bado kusema "ameanguka" atakwambia "puu!" na hapo tayari anakusimulia habari. Sisi wenye Kiswahili tuna utajiri mkubwa sana wa milio na tunauacha tu.

Hatua ya 2: Tafuta saa ambayo haibadiliki

Usiseme "nikipata nafasi ntamuimbia", hutaipata. Funga wimbo kwenye kazi ambayo lazima uifanye, kuogesha, kusuka nywele, kuchambua mchele, kumvalisha. Mie napenda kuogesha kuliko zote kwasababu mtoto amekaa kwenye beseni haendi popote, uso wake unatazama wako, na simu huwezi kuishika mikono imejaa sabuni.

Imba polepole, polepole kuliko unavyodhani, aone midomo yako inavyojifunga kwenye ma na ba na pa. TV izimwe.

Hatua ya 3: Mwachie neno la mwisho

Hapa ndo penyewe. Chukua huu wimbo mdogo ambao nilimtungia dada yangu kwa ajili ya mwanae, wakati huo mtoto ana mwaka mmoja na miezi minane na maneno yake yalikuwa kama sita:

*Kopo kopo, mwaga maji, chwaa!*
*Kichwa kimelowa, chepechepe!*
*Mkono umelowa, chepechepe!*
*Tumbo limelowa, chepechepe!*
*Macho yamelowa, chepechepe!*

Siku tatu nne za mwanzo imba yote mwenyewe, usimdai chochote. Akishauzoea, imba "kichwa kimelowa..." alafu nyamaza. Inua nyusi, mwangalie, hesabu moyoni mpaka kumi. Kumi ni ndefu, mikono itakuwasha umalizie, usimalizie. Dada yangu alikuwa anafika tatu anashindwa, nikawa namshika bega. Siku ya tano au ya sita hivi mtoto akapiga maji kwa kiganja, pwa pwa, akatuangalia. Dada akaniangalia mie kama kuuliza hiyo nayo inahesabika? Inahesabika! Amejibu zamu yake. Keshokutwa yake akatoa "pepe". Pepepe! Dada alilia na kopo mkononi.

Akijibu kwa kiganja, kwa macho, kwa "pepe", wewe furahi na uendelee na mstari unaofata. Usimwambie "sema vizuri". Rudia tu neno kamili kwa sauti ya kawaida, "eee, chepechepe!", alisikie lilivyo. Wengi mnaniuliza kuhusu wanaosema "luka" badala ya "ruka", wa miaka mitatu hiyo kawaida kabisa, r ni sauti ngumu na th na dh na gh nazo huchelewa, mjibu "haya ruka!" mruke wote basi.

Akikaa kimya kabisa wiki nzima usikate tamaa, endelea kumwachia nafasi ile ile mahali pale pale. Kuna watoto wanaokusanya kwanza.

Hatua ya 4: Piga makofi kwa silabi

Hii ni kuanzia miaka mitatu. Chukua neno moja la wimbo mlikate kwa makofi. Ko-po, makofi mawili. Ki-chwa, mawili. M-na-zi ni matatu, ile m mwanzo ina kofi lake, na watu wazima wengi hapa wanakosea. M-bwa mawili. Ng'o-mbe mawili. Mkiwa mnatembea kwenda dukani mkate majina ya watu wa nyumbani, watoto wanapenda jina lao likikatwa kuliko kitu chochote.

Faida yake ataiona akifika darasa la kwanza na la pili kwenye KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu, maana kusoma Kiswahili ni kuunga silabi na mtoto ambaye sikio lake limeshazizoea hazimtishi. Kule Uingereza mwaka 1983 watafiti wawili, Lynette Bradley na Peter Bryant, walitoa kazi yao kwenye jarida la Nature, walipima watoto wa miaka minne na mitano kwa kuwasikilizisha maneno waseme lipi halifanani sauti na wenzake, na miaka kadhaa baadaye wale waliokuwa na sikio zuri ndo waliokuwa wanasoma vizuri zaidi. Na Kiingereza ndo kigumu hivo kusoma, sisi silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, ziko wazi tu kwa sikio la mtoto.

Hatua ya 5: Badilisha maneno, hapa ndo sarufi inapoingia

Rudi uangalie wimbo wa kopo. Kichwa kimelowa, mkono umelowa, tumbo limelowa, macho yamelowa. Hakuna mtoto wa miaka miwili anayefundishwa ngeli akaelewa, na sisi wenyewe zilitutoa jasho shule, ila akiimbiwa kila siku sikio linajua lenyewe kwamba kichwa kinataka ki. Kwahiyo akishazoea mistari ya mwanzo anza kuongeza. Sabuni imelowa. Vidole vimelowa. Nywele zimelowa. Kesho muulize yeye, "na nini kingine kimelowa?" alafu nyamaza tena, mpaka kumi.

Atakosea na hiyo ni dalili nzuri. Huyu wetu aliwahi kusema "sabuni limelowa", yani ameshagundua kwamba kuna kitu kinabadilika pale mwanzo wa neno na anajaribu, anatafuta. Dada akamjibu "eee, sabuni imelowa" wakaendelea. Hakucheka, na hakumrudishia kosa lake.

Wakubwa kidogo, miaka minne mitano, ongeza mchezo wa nyama nyama, wewe unataja wanyama na yeye anaitikia "nyama!" ukitaja anayeliwa, ukitaja asiyeliwa ananyamaza. Hapo anasikiliza maana, haitikii tu. Mwache na yeye awe mtajaji, usikubali kutaja wewe kila siku.

Hatua ya 6: Neno litoke kwenye wimbo

Neno linaloishi kwenye wimbo tu bado halijawa lake. Mchana ukimwaga chai mezani sema "ona, meza imelowa". Mvua ikinyesha mtoe barazani, "mti umelowaje?" subiri. Wiki mbili tatu hivi utaanza kulisikia mahali ambapo hukulipanda.

Kuhusu simu

Siji kumgombeza mtu, najua mama unapika huku mwingine analia. Lakini Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, chini ya miaka miwili skrini haishauriwi, na kuanzia miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo vizuri zaidi. Kama lazima aangalie basi kaa naye, simamisha video katikati ya wimbo umwachie neno. Umeshaigeuza.

Lini uende kituo cha afya

Wimbo sio dawa ya kila kitu. Mtoto amefika mwaka hageuki ukimuita na haonyeshi kitu kwa kidole wala kupunga mkono, au mwaka na nusu hana neno hata moja, au miaka miwili haungi maneno mawili kama "mama maji", au alikuwa na maneno yakapotea umri wowote ule, mpeleke, na uombe masikio yapimwe kwanza. Usikubali kuambiwa "baba yake naye alichelewa". Nimeshapokea mtoto wa miaka minne ambaye kila mtu alimuita mkaidi, kumbe alikuwa hasikii sikio moja na la pili linasikia nusu, na muda wote ule ulishapita.

Hatua ya 7: Weka daftari

Daftari la kawaida, tarehe na neno jipya, basi. Ukiandika unaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwa vinakupita. La dada yangu ninalo hapa kwangu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "pepe". Kurasa mbili mbele kuna siku mvua ilikuja ghafla nguo ziko kambani, mtoto amesimama mlangoni peke yake, hakuna aliyekuwa anaimba, na dada ameandika kwa haraka mpaka mwandiko umepinda: "Mama! Kanga imelowa!"