Darubini mpya juu ya gobore: kabla hujafyatua, na kabla hujampelekea mjomba

Ninaandika haya nikiwa likizo Tabora, kibarazani kwa mjomba wangu pale Isevya, sahani ya matobolwa katikati yetu. Jana nilimwonyesha kwenye simu video ya gobore langu la Ohio: jeusi, kitako cha plastiki, darubini mpya imekaa mgongoni. Akaitazama mara mbili.

"Mpwa wangu, hilo ni gobore au kamera?"

Zamani alikuwa na lake, lenye kibali, la kufukuzia nguruwe pori shambani. Uzee ulipomkuta akalisalimisha polisi. Ila mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na baruti anavijua kuliko mimi, na nusu ya niliyojifunza kwa hasara kule angenieleza kwa simu, kama ningeuliza.

Sisi tuliotoka Tabora na Kigoma tukifika Marekani hushangaa kukuta majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa gobore. Huku kwetu neno lenyewe linanuka ujangili. Kule ni mchezo wa wazee wenye pensheni na thermosi za kahawa. Usione aibu kuingia, lakini anza na karatasi.

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, gobore la kushindilia kwa mdomo, lisilopokea risasi za kawaida, zile zenye ganda na baruti ndani, kwa jumla halihesabiwi kuwa bunduki. Hapo wengi hujikwaa. Yapo magobore ya kisasa ambayo ukibadilisha mtutu yanapiga risasi za kawaida, na hayo ni bunduki kamili. Majimbo nayo yana sheria zao: New Jersey, kwa mfano, inalitazama gobore kama silaha nyingine yoyote. Aliye na viza ya muda ana vizuizi vya ziada vya silaha na risasi, kwa hiyo muulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize muuza duka. Walioko Uingereza wanahitaji kibali cha polisi cha silaha, na kingine cha baruti.

Darubini yenyewe nayo ina sheria. Ohio wanairuhusu katika msimu wa gobore. Colorado, msimu huohuo, wanataka vilengeo vya wazi tu, visivyo na kioo. Soma kijitabu cha uwindaji cha jimbo lako kabla hujatoa hela. Na utavaa rangi ya chungwa, fulana au koti, ili mwenzako asikudhanie kulungu.

Sasa kufunga. Mimi nilifungiwa dukani, nikaamini. Risasi ya tatu darubini ikanipiga kwenye nyusi, damu hadi kwenye kola. Makosa yalikuwa mawili: iliwekwa karibu mno na jicho, na skrubu za kikalio chake juu ya gobore zilikuwa zimeshikwa kwa vidole tu. Gobore lenye baruti nyingi linarudi nyuma kama punda aliyeguswa mkia. Acha inchi 3 mpaka 4, yaani sentimita 8 hadi 10, kati ya jicho na kioo, na upime ukiwa umevaa koti lilelile la baridi utakalowindia, maana koti nene linakusogeza. Futa mafuta kwenye matundu ya skrubu, tia gundi ya skrubu ile inayofunguka kwa spana, kaza kwa zamu kushoto na kulia kwa kipimo cha kwenye maelekezo ya pete zinazoishika darubini. Msalaba wa ndani unyooshe kwa kutazama uzi uliotundikwa na jiwe. Fundi muashi yeyote wa Ng'ambo, hapa Tabora, angekuonyesha kwa timazi yake.

Bado hujachoma baruti hata chembe. Hakikisha mtutu ni mtupu: tumbukiza mdeki mpaka chini, weka alama kwa kisu pale unapotokeza mdomoni. Baadaye, ukiwa umeshindilia kipimo chako, weka alama ya pili. Mjomba aliposikia hili akacheka, kwa sababu mdeki wake ulikuwa na alama hizohizo, za msumari wa moto. Mwenye alama hawezi kushindilia mara mbili kwa kusahau, na hawezi kuacha risasi ikining'inia katikati ya mtutu, jambo linaloweza kuupasua.

Kama gobore lako ni la kisasa, lenye kizibo kinachofunguka nyuma, kifungue, liweke juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka uone shabaha iliyo yadi 25. Bila kuligusa, zungusha vifundo vya darubini msalaba uende palepale. Hatua hii ya dakika kumi iliniokolea baruti ya dola nyingi.

Kiwanjani anza na yadi 25. Darubini nyingi husogeza pigo la risasi robo inchi kwa kila mlio wa kifundo, yaani kila "tiki" kwenye yadi 100. Kwenye yadi 25 tiki hiyohiyo inasogeza robo ya hapo, kwa hiyo inchi moja ni tiki 16. Kwenye yadi 50 ni tiki 8. Mimi nilikuwa nje kwa inchi 3 upande wa kushoto, nikazungusha tiki 12 kwa hesabu ya yadi 100, nikapiga, nikalaani darubini. Nilihitaji 48.

Usizungushe kitu baada ya risasi moja. Piga tatu, tazama katikati yake, ndipo urekebishe. Na hapa gobore linatofautiana na bunduki nyingine: kila risasi inaacha masizi mtutuni, na ya pili haipiti njia ya ya kwanza. Pitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, baada ya kila risasi, kwa idadi ileile. Kipimo cha baruti kiwe kilekile, risasi ileile, kikombe chake cha plastiki kilekile, na mkono ushindilie kwa nguvu ileile. Siku niliyobadilisha baruti na risasi pamoja, matundu yalitawanyika kama punje za mtama, nisijue nimlaumu nani. Badilisha kimoja.

Baruti ni nyeusi, au zile mbadala zilizoandikwa wazi kuwa za gobore. Baruti isiyo na moshi, ya risasi za kisasa, usiitie, isipokuwa kwa magobore machache yaliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa: kaa moja la moto likibaki ndani ya mtutu, chupa nzima inalipuka mkononi. Mimina kwenye kipimo kwanza. Na fataki, kile kiwashio kidogo cha baruti, ikilia halafu kimya, shikilia gobore limeelekea shabaha kwa dakika nzima. Mjomba aliwahi kumwona mtu akiinamisha mdomo wa gobore achungulie kilichotokea. Hakunisimulia zaidi ya hapo.

Risasi zikikaa pamoja kwenye yadi 25, nenda 50, halafu 100. Mimi niliishia hapo. Wanaojisifu yadi 200 nawaachia sifa zao. Kulungu akishajeruhiwa akaenda kufia mbali, darubini haikusaidii kumfuata.

Siku hiyohiyo safisha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu na kutu inaanza usiku uleule. Moshi wa fataki huchafua tumbo la darubini, kwa hiyo funga utepe wa karatasi chini yake kabla ya kupiga, ubandue ukimaliza.

Mjomba, baada ya kunisikiliza yote, akauliza swali ambalo nawe utaulizwa ukija likizo. Huko Sikonge ana rafiki mwenye gobore la kibali. Je, darubini kama hiyo siwezi kumletea?

Jibu ni hapana, si hivihivi. Kupita nayo uwanja wa ndege ndani ya Marekani unaruhusiwa, na ndiyo maana watu hudanganyika. Kuitoa nje ya nchi ni jambo lingine: darubini za bunduki zimo katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa na Wizara ya Biashara ya Marekani, na huenda ukahitaji leseni. Baruti na fataki haziingii kwenye ndege kabisa, si begi la mkononi wala la chini. Ukifika Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji una vibali vyake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Begi likifunguliwa uwanja wa ndege, "nilimletea mjomba" si kibali.

"Basi," akasema, "Mirambo naye hakuhitaji kioo."

Nimemwachia fulana yangu ya rangi ya chungwa. Leo asubuhi kaivaa kwenda sokoni kwa baiskeli.